Saa za Mazoezi Kabla ya Gari la Kwanza: Tathmini ya Mwalimu wa Kukodi Jijini Mwanza

Leseni ya daraja D humruhusu mtu kuendesha gari dogo la binafsi, lakini haimwondolei hofu ya kuingia kwenye kipilefti cha Samaki saa kumi na moja jioni, wakati daladala, bajaji na bodaboda zote zinataka kupita kwa pamoja. Kwa sababu hiyo nilitafuta huduma ambayo shule za udereva huitoa bila kuitangaza sana, yaani mwalimu anayelipwa kwa saa ili akae na mtu mwenye leseni ambaye bado hajanunua gari. Niliyempata anatoka shule ndogo ya upande wa Nyakato. Malipo yake yanajumuisha mafuta, na gari lake lina breki ya pili upande wa abiria. Wapo watakaosema kwamba kazi hii ingefanywa bure na kaka au shemeji. Ni kweli, ila shemeji hana breki upande wake, na asiye na breki hupiga kelele.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba mwalimu huyu hakuanza kwa kunipeleka uwanjani. Aliniuliza ninakoishi, ninakofanya kazi na ninakonunua mahitaji, kisha akapanga masomo kwa kufuata majibu hayo: kushuka kutoka Isamilo, kupita Kirumba karibu na soko la Mwaloni ambako malori ya dagaa na mikokoteni hugombania upana uleule wa barabara, hadi Pasiansi, na kurudi. Njia ilikuwa ileile kila mara, kwa saa tofauti za siku, na niliona manufaa yake mapema kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa dereva anayejua kona inayofuata hupata nafasi ya kuwaangalia watu badala ya kuhangaikia gia.

Kipande cha mlima ndicho kilichochukua muda mwingi, kama inavyotarajiwa katika jiji lililojengwa juu ya mawe. Mwalimu alinisimamisha katikati ya mteremko wa Isamilo, akaniagiza nivute breki ya mkono, niweke gia ya kwanza, nikanyage mafuta kidogo, halafu niachie klachi polepole mpaka mlio wa injini ushuke na pua ya gari inyanyuke kidogo. Hapo, na si kabla, ndipo breki ya mkono huachiwa, na gari huondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Alinitaka nifumbe macho gari likiwa bado limesimama ili nijifunze kuitambua hali hiyo kwa mguu na sikio. Niliona ni mzaha mpaka siku bodaboda iliposimama nyuma yangu karibu kabisa na bampa, nami nikaondoka bila kuhitaji kuitazama.

Barabarani alikuwa na maneno machache. Mara nyingi aliniambia, "Dada, acha kuangalia boneti," akimaanisha kwamba macho yatangulie mbali na mikono itafuata yenyewe. Alinifundisha kuteremsha kioo ninapokuwa nyuma ya daladala, kwa sababu konda akigonga bodi, gari hilo litasimama hata kama taa zake za breki haziwaki. Alinifundisha pia kuhesabu sekunde mbili tangu gari la mbele lipite nguzo ya umeme mpaka mimi nifike hapo, na kuziongeza mara mbili mvua inaponyesha. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwendo wa juu katika maeneo ya makazi, sekunde moja hula karibu mita 14 za barabara. Baada ya kulijua hilo sikuhitaji tena kuambiwa nisimwandame mtu.

Somo la mwisho lilikuwa la barabara kuu: kupitia Mkuyuni na Nyegezi hadi Usagara, kisha upande wa Kigongo, hadi kwenye Daraja la J. P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko kuelekea Busisi. Daraja lenyewe halimtishi dereva mgeni. Kazi ipo njiani, nyuma ya malori yaendayo Geita, ambako mwalimu alisisitiza kwamba kutolipita lori ni uamuzi kamili wa dereva, wala si woga.

Huduma ina kasoro. Klachi ya gari lao ni nzito kiasi cha kuchosha goti, kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa na ufa, na mwalimu hafundishi usiku, ingawa usiku ndipo waenda kwa miguu na baiskeli zisizo na taa huwa vigumu kuonekana. Kasoro iliyonigharimu zaidi ni kwamba shule haina gari la otomatiki, ilhali magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani, kama Toyota IST na Passo, ni ya otomatiki. Mguu wa kushoto uliozoea klachi hutafuta cha kukanyaga, na ukiipata breki, gari husimama kwa kishindo. Ilinibidi kuomba gari la jirani na kulizungusha Jumapili asubuhi, mguu wa kushoto nikiwa nimeurudisha nyuma kabisa chini ya kiti.

Hata hivyo, saa hizo zilibadilisha gari nililokusudia kununua, na kwangu hilo pekee lilirudisha gharama. Nilikuwa nimevutiwa na gari dogo la chini kwa sababu ya ulaji wake mdogo wa mafuta, lakini baada ya kupanda mara kwa mara kipande cha mwisho cha njia ya nyumbani, chenye mawe yaliyochomoza na mfereji uliokatwa na mvua, sasa ninapofika kwa muuzaji ninainama kwanza kutazama nafasi iliyopo kati ya bodi na ardhi, kabla ya kuuliza bei. Anayetaka huduma hii aulize mapema kama kuna gari la otomatiki, aombe kuliona gari lenyewe pamoja na bima yake, na achague saa za jioni za siku za kazi, kwa kuwa Jumapili asubuhi barabara ya Makongoro huwa tupu mno kumfundisha mtu chochote.