After Effects kwa maandishi yaliyojazwa picha: Motion Tile ndiyo inayobeba kazi

Kwa kazi ya kujaza picha ndani ya herufi, After Effects, programu ya Adobe ya kutengeneza video na michoro inayosogea, imekuwa nyepesi tangu toleo la 2023. Zamani maandishi yalilazimika kukaa moja kwa moja juu ya picha kwenye orodha ya tabaka. Sasa unayachagua kwenye safu wima ya Track Matte (mpangilio unaofanya picha ionekane ndani ya umbo la herufi tu) popote yalipo, na ukibadilisha maneno, picha inajaa yenyewe.

Uzuri hasa uko kwenye efekti ya Motion Tile, inayorudia picha kama vigae vilivyopangwa. Iweke kwenye picha, kisha sogeza Tile Center (kitovu cha vigae) kwa fremu funguo mbili, yaani alama za mwanzo na mwisho wa mwendo. Picha yenye upana wa pikseli 1920 ikisogea pikseli 1920 hurudi ilipoanzia, hata kama umeipunguza kwa Scale, na mshono hauonekani iwapo kingo zake zinaoana. Zisipooana, washa Mirror Edges, lakini hapo mzunguko kamili unakuwa pikseli 3840, kwa sababu kila kigae cha pili kimegeuzwa. Ukibaki na 1920, picha itaruka. Ukitaka video ijirudie bila kukatika, fremu funguo ya mwisho iwe fremu moja baada ya video kuisha, la sivyo fremu ya kwanza hujirudia na mwendo unasita. Picha ikiwa ndogo kuliko neno, ongeza Output Width, upana wa eneo linalojazwa vigae.

Kinachoudhi ni kwamba maandishi yakisogea, picha hubaki nyuma mpaka uiunganishe nayo kwa Parent, mpangilio unaofanya tabaka moja lifuate jingine. Na fonti iwe nene. Kwenye herufi nyembamba picha haisomeki kabisa.