Kituo cha picha za uchunguzi jijini Mwanza: vipimo vizuri, ripoti isiyo na maelezo

Tathmini hii inahusu kituo kimoja binafsi cha picha za uchunguzi jijini Mwanza, ambako nilimsindikiza shangazi yangu aliyekuwa na maumivu makali ya ubavu wa kushoto yaliyoshuka hadi kwenye kinena. Naiandika kwa ajili ya wale wanaokabidhiwa fomu ya kipimo na kuelekezwa kaunta bila kuelezwa wanachokwenda kupimwa.

Kilichonipa imani mapema ni kwamba daktari bingwa wa radiolojia aliisoma fomu yote kabla ya kumlaza mgonjwa kitandani, akauliza maumivu yalianza lini na kama mkojo ulikuwa na damu. Maswali hayo ndiyo yanayoamua kipimo, kwa sababu kila mashine ina mambo inayoyaona na mengine inayoyakosa, na mgonjwa anayedhani kwamba kipimo cha bei kubwa ndicho bora kwa kila ugonjwa anaweza kulipia picha isiyojibu swali lake.

Walianza na ultrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu na haina mionzi kabisa. Jeli ile ya baridi hupakwa ili kuondoa hewa kati ya ngozi na kifaa, maana hewa huyarudisha mawimbi kabla hayajapenya mwilini. Daktari aligeuza kioo cha mashine upande wetu na kutuonyesha doa kubwa jeusi katikati ya figo: vimiminika huonekana vyeusi, na ule ulikuwa mkojo uliokwama. Jiwe la figo, ambalo alishuku ndilo lililouziba mkojo huo, halikuonekana. Alitueleza bila haraka kwamba jiwe likishashuka kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofu, gesi ya utumbo mara nyingi hulificha, na kwa hiyo ilibidi tuende kwenye CT.

CT hutumia eksirei ileile ya kawaida, ila chanzo chake huzunguka mwili na kompyuta huunda picha za vipande vyembamba. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hiyo London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ambaye mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulitafakari tatizo hilo akiwa katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Katika skeli inayobeba jina la Hounsfield, inayoonyesha jinsi kitu kinavyozuia eksirei, maji ni 0 na hewa ni −1000, na mawe ya figo yako juu sana ya maji kiasi kwamba hung'aa yenyewe bila dawa yoyote. Hapa ndipo penye kasoro ya kwanza, kwa sababu kaunta ilikuwa imeongeza kwenye ankara yetu gharama ya kontrasti, yaani dawa yenye madini joto (iodini) inayochomwa kwenye mshipa. Mtaalamu wa mionzi aliifuta mara moja, akafafanua kwamba dawa hiyo ikishafika kwenye mkojo huwa nyeupe kama jiwe na huweza kulificha, tena kwa mgonjwa ambaye figo yake imeelemewa ni lazima kwanza kupima kreatinini, taka ya mwili ambayo kiwango chake katika damu huonyesha kama figo zinafanya kazi.

Nilipouliza kuhusu mionzi nilijibiwa kwa heshima. Picha moja ya eksirei ya kifua hutoa takribani milisivati 0.1 (kizio cha kipimo cha mionzi), ilhali CT ya tumbo na nyonga huweza kufikia 8 hivi, ingawa kwa kutafuta mawe mashine hupunguziwa nguvu kwa kiasi kikubwa. Mionzi ya asili inayotufikia sote kwa mwaka ni wastani wa 2.4. MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, kituo hicho hakina, na kwa mawe ya figo haikuhitajika. Sumaku yake kali ina manufaa zaidi kwa ubongo, uti wa mgongo na maungio.

Upungufu mkubwa uko kwenye ripoti. Tulipewa ukurasa wa Kiingereza wenye hitimisho la mistari miwili: jiwe la milimita 7, sehemu ya chini ya mrija wa kushoto. Hakuna aliyekaa na shangazi kumweleza hata kwa dakika chache kwa Kiswahili, ilhali wakati wa kupimwa alihudumiwa kwa uangalifu mkubwa. Kituo chenye wataalamu wanaojua kueleza vizuri namna hiyo hakina sababu ya kumwacha mgonjwa aondoke na karatasi asiyoielewa.

Kwa ultrasaundi na CT ningerudi kwao bila kusita. Atakayekwenda aikague ankara kabla ya kulipa, na aombe CD ya picha zote, kwa kuwa huitoa kwa anayeiomba tu, na daktari wa mfumo wa mkojo atahitaji kupitia vipande vyote mwenyewe badala ya vichache vilivyochapwa kwenye filamu.