Gari la mawe na mitelemko ya Kusini: lipi liwe la kwanza, lipi libaki yadini

Mtu wa Mtwara au Lindi akitafuta gari la shamba huanza kwa kuuliza CC. Dalali anamtajia CC, kisha anaongeza na namba ya usajili: "Bosi, hii namba E, mkono wa kwanza." Haya, lichukue hilo namba E ulipeleke Newala baada ya masika. Shuka nalo ukingo wa nyanda za Makonde kuelekea bonde la Ruvuma kwa njia ambazo greda halijapita, pale maji yalipobeba udongo wote na kuacha mawe matupu. Utagundua kwamba CC hazikushushi, na namba haikupandishi.

Nimeyapanga magari ya mtumba kwa sababu ndiyo tunayonunua wengi wetu. Kwanza nimeangalia uzito wa gia ya chini, pili namna tairi zinavyobaki ardhini, tatu kama spea inapatikana huku huku bila kusubiri basi la Dar.

Hesabu ya kufanya kabla ya kutoa pesa

Gari la porini la kweli lina giaboksi mbili. Ya pili, ambayo mafundi wanaiita transfa, ndiyo yenye kile kifimbo kifupi chenye maandishi H2, H4, N na L4. Magari ya karibuni yana kitufe. Ukiweka H4, nguvu inakwenda tairi zote nne kwa mwendo wa kawaida. Ukiweka L4, mwendo unashuka kwa karibu mara mbili au zaidi, na nguvu ya kuzungusha tairi inaongezeka kwa kiasi hichohicho.

Zidisha namba tatu: uwiano wa gia ya kwanza, wa L4, na wa difu (gia za katikati ya ekseli). Kwa Land Cruiser "mkonga" ni takriban 4, mara 2.5, mara 4. Jibu ni 40, maana yake injini inazunguka mara 40 ili tairi izunguke mara moja. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, tuseme mizunguko 700 kwa dakika, gari linatambaa kilomita mbili na nusu hivi kwa saa. Anayetembea kwa miguu anakupita na kukusalimia. Lakini gia hiyohiyo ya kwanza ukiwa H4 inakupeleka kilomita sita kwa saa, na juu ya jiwe hiyo tayari ni mbio: tairi inadunda, usukani unakuponyoka, na kitu cha chuma chini ya gari kinagonga.

Wamarekani waliofanya kupanda mawe kuwa mchezo wamefika mbali zaidi. Jeep Wrangler Rubicon, iliyotoka mara ya kwanza 2003 na kupewa jina la njia ya mawe ya California, ina transfa ya 4 badala ya hiyo 2.5 yetu, na matoleo ya sasa ya gia za mkono yanapita 80 kwa hesabu ileile. Huku hatuhitaji hayo yote. Kati ya 35 na 45 inatosha kumpandisha mtu na magunia yake ya korosho.

Kwa nini polepole? Tairi inashika jiwe mpaka pale inapoanza kuteleza. Ikishaanza kuzunguka bure, mshiko unapungua, na kukanyaga mafuta kunazidisha tatizo. Gia nzito inakuwezesha kuongeza nguvu kidogo kidogo bila kuvuka mpaka huo. Kwenye kushuka faida ni kubwa zaidi: injini yenyewe inalizuia gari, breki zinabaki baridi, na hakuna tairi inayojifunga na kuburuzika. Mimi ningelinunua gari la L4 kwa ajili ya mitelemko peke yake.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakitaji ni difu. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa tairi mbili za ekseli moja, na kipimo ni ile yenye mshiko mdogo. Tairi moja ikining'inia hewani, mwenzake aliye kwenye jiwe kavu naye anapata nguvu ndogo hiyohiyo. Ndiyo maana utaona gari la "fowili", linalovuta tairi zote nne, limesimama huku tairi mbili za mshazari zinazunguka hewani. Dawa yake ni difu loki ya nyuma, inayozifunga tairi mbili zizunguke pamoja, au mfumo wa breki unaoikamata tairi inayozunguka ovyo, au basi ekseli zinazojipinda vya kutosha ili tairi zote zibaki chini.

1. Toyota Hilux ya dizeli, gia za mkono

Hii naiweka juu, ingawa kwenye mawe peke yake yapo magari yanayoishinda. L4 yake kuanzia toleo la Vigo ni 2.566, na toleo lililofuata, Revo, la gia za mkono, kwa hesabu yetu ya kuzidisha, inavuka 40. Inabeba mzigo, na spea zake hazikupi mawazo. Ukipata yenye difu loki ya nyuma, usibishane sana bei.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Mbele haina ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha tairi mbili, kwa hiyo tairi za mbele zinanyanyuka mapema kwenye mabonde ya mshazari. Na ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi: inarukaruka na kuzungusha tairi pale ambapo ikiwa na gunia tano ingepita kimya. Injini zake za kisasa za D-4D hazipendi dizeli chafu, na huko vijijini dizeli ya kwenye madumu haikosekani. Kwa mtu anayeishi mbali na kituo cha mafuta, Hilux ya zamani yenye injini ya 5L (hilo ni jina, si lita tano) isiyo na taa nyingi za onyo bado ni ununuzi wa akili, mradi asiwe na haraka ya kufika popote.

2. Land Cruiser mkonga (mfululizo wa 70)

Ingekuwa bei ni ileile, ingekuwa namba moja na makala haya yangekuwa mafupi. Ina ekseli nzima mbele na nyuma: jiwe likiinua tairi ya kulia, ya kushoto inasukumwa chini ikatafute ardhi. Injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, ina nguvu chini kabisa ya mizunguko, na hapo ndipo mawe yanapoihitaji. Kuanzia 1999 springi za mbele ni za koili, ambazo zinajipinda vizuri kuliko zile za vyuma bapa zilizotangulia.

Shida ni kwamba zile nzuri haziuzwi, na zinazouzwa nyingi zimetoka kwenye miradi au minada ya serikali zikiwa zimefanya kazi ya maisha matatu. Chungulia chesesi yote kwa tochi, hasa nyuma ya springi za mbele na pale inapopinda juu ya ekseli. Chesesi iliyochomelewa si lazima uikatae, ila iliyochomelewa na kupakwa rangi nyeusi mpya wiki hii, ondoka.

3. Suzuki Jimny

Watu wanaicheka mpaka wakutane nayo milima ya mawe ya Masasi. Ina chesesi kamili, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za koili, na L4. Ile mpya iliyotoka 2018, yenye injini ya 1.5 na gia za mkono, inafika 36 kwa hesabu yetu, kimo cha tumbo ni milimita 210, na ina ule mfumo wa breki wa kukamata tairi inayozunguka bure. Uzito wake ni takriban kilo 1,100. Huo wepesi ni mali: ikikwama, vijana wanne wanaitoa bila kutafuta trekta, na kwa kuwa tairi zake za mbele na za nyuma zimekaribiana, inapita katikati ya mawe ambayo Hilux inayalalia tumbo.

Kama huna mzigo, wewe ni mwalimu, mhudumu wa afya, bwana shamba au mtu wa pikipiki aliyechoka kunyeshewa, ifanye namba moja na uache hiyo orodha yangu. Kiti cha nyuma ni cha watoto, na sehemu ya mizigo ni ya kuku wawili.

Zile za 1998 hadi 2018 zina ugonjwa wa kuangalia. Habu (vitovu vya tairi) za mbele zinafungwa kwa nguvu ya vakyumu kupitia mipira myembamba, na mpira ukipasuka taa ya 4WD inawaka au kupepesa lakini tairi za mbele hazivuti. Usukani ukitetemeka vibaya kwenye lami ukifika kilomita 70 au 80, bei ishuke. Zenye injini ya 660 cc zinakwenda popote, ila kwenye kilima kirefu cha lami ukiwa na abiria watatu utaombea.

4. Land Rover Defender

Kwa uzito wa L4, hii inazizidi zote zilizotangulia: transfa ya 3.32, na za injini ya 300Tdi zinafika kama 43 kwa gia ya kwanza. Tairi zote nne zinavuta muda wote, na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, unaifunga kwa mkono. Kiwanda cha Solihull kiliacha kuzitengeneza Januari 2016. Nimeishusha mpaka hapa kwa sababu inataka mwenye gari aliye nusu fundi. Kama unaye fundi wako wa Land Rover na mnaelewana, ipandishe nafasi mbili.

5. Prado na Escudo

Zina L4, lakini hakikisha: Escudo ziliuzwa kwa daraja tofauti na si kila moja inayo. Prado ya injini ya 1KZ iangaliwe silinda hedi kabla ya kitu kingine chochote.

Zisizoingia kwenye orodha

RAV4, X-Trail, Harrier, na zile ndogo za Cami na Terios. Ni magari mazuri ya Mtwara mjini na barabara ya vumbi iliyochongwa. Hazina L4. Terios ina difu ya katikati inayofungika na ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu dalali akibonyeza kitufe taa inawaka na anasema "ona fowili hiyo." Kwenye mawe utaunguza klachi, au oili ya giaboksi ya automatiki ichemke.

Tairi na upepo

Gia nzito haifanyi kazi kila mahali. Kwenye mchanga wa Msimbati ukitambaa unazama; unataka L4 gia ya pili au ya tatu na mwendo usiokatika. Kwenye njia za udongo mweusi wakati wa mvua ni hivyohivyo, na hapo tairi za udongo zenye meno makubwa zinajitapa. Lakini tairi hizohizo kwenye mchanga zinachimba kaburi. Kwa mtu anayepita vyote, chukua tairi za mchanganyiko, zile zenye alama A/T.

Upepo punguza. Kutoka PSI 35 hadi kama 20 kunarefusha sehemu ya tairi inayogusa chini, nayo inalifumbata jiwe badala ya kuligonga. Nenda taratibu, linda ubavu wa tairi, na uwe na pampu ya kurudishia kabla ya lami.

Usidanganywe na tairi kubwa. Ukitoka inchi 31 kwenda 33 gari linapanda juu, ndiyo, ila gia zako zote zinakuwa nyepesi kwa zaidi ya asilimia sita. Ile L4 uliyoilipia umeila mwenyewe.

Siku ya kukagua

Omba mjaribu kwenye udongo, wala msijaribu kwenye lami. Gari lisilo na difu ya katikati likifungwa L4 kwenye lami linajisokota na kuvunja vitu. Weka L4, gia ya kwanza, ondoa mguu kwenye mafuta. Litambae lenyewe. Kata kona kali: likiwa zito na kukazana, mbele inavuta kweli. Likizunguka laini kama kawaida, lala chini uangalie kama propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu mbele, ipo, maana wapo wanaoivua kupunguza ulaji wa mafuta na kusahau kuitaja wakati wa kuuza. Tafuta mtelemko, shuka bila breki, na usikilize kama gia inaruka.

Mwisho fungua nati za oili za difu zote mbili na transfa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na huenda bearingi zake zimeshaanza kuliwa. Bei ya kuzibadilisha itoe kwenye mazungumzo papo hapo, pamoja na bei ya tairi zilizoisha, zote tano.