Konsoli ya Dubai, Marekani au Japani: nikuagizie ipi?

Mjomba yuko Muscat, dada yuko Minnesota, na rafiki anarudi kutoka Tokyo wiki ijayo. Wote wamekuuliza, "Nikuletee PS (PlayStation)?" Kabla hujatuma hela, huu hapa mpangilio wangu kwa mtu wa Dar au Nairobi, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Namba moja ni Dubai au Muscat. VAT huko ni 5% tu, na plagi ni ile ile ya pini tatu kama yetu, unachomeka na kucheza. Anayepita Dubai kama mgeni anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya VAT uwanja wa ndege, ila lazima aombe dukani wakati wa kununua, pasipoti mkononi. Mwenye ukaazi wa Dubai hilo halimhusu.

Namba mbili, maduka ya hapa nyumbani: Kariakoo (Dar) au Luthuli (Nairobi). Najua, bei inauma. Lakini humo ndani kuna ushuru wa forodha na VAT (18% Tanzania Bara, 16% Kenya), ambavyo mzigo wako wa Dubai nao unaweza kudaiwa ukifika. Usipige hesabu ukitegemea afisa atafumba macho. Hapa unaiwasha mbele ya muuzaji, unaweka CD, unajaribu pedi, na ikizingua unajua pa kurudi. Muuzaji akikataa kuiwasha, muage. Tofauti ya bei na Dubai ikiwa ndogo baada ya ushuru, mimi hununua hapa hapa.

Marekani ni ya tatu. PS5 ya CD ilikuwa dola 499.99 mpaka Agosti 2025, Sony, watengenezaji wake, walipoongeza dola 50. Bei ya kwenye rafu kule haina kodi ya mauzo. Inaongezwa kaunta, na kila jimbo lina yake. Oregon haitozi kabisa, kwa hiyo mwenye ndugu Portland ana bahati kuliko sisi wengine. Umeme usikutishe: PS5 hupokea volti 100 hadi 240, soma tu kibandiko cha nyuma. Waya wa kuchomeka ni wa kawaida, kama wa redio, fundi yeyote anao.

Uingereza naiweka ya nne. Plagi ni yetu, ila bei ina VAT ya 20% ndani, na tangu Januari 2021 mgeni anayeondoka na mzigo harudishiwi. Subiri punguzo la Novemba, au chukua iliyotumika.

Ya mwisho ni Japani, na hapa ndipo watu wanapolizwa. Switch 2, konsoli ya Nintendo, ilipotoka Juni 2025, waliuza matoleo mawili: moja yen 49,980, lingine 69,980. Ile rahisi inazungumza Kijapani tu na haikubali akaunti isiyo ya Japani. Sony nao wakafuata Novemba 2025 kwa PS5 isiyo na CD, yen 55,000, masharti yale yale. Rafiki akikutumia picha ya bei tamu, mwambie kwanza asome boksi kama ni toleo la lugha nyingi.

Na popote utakaponunua, kuna suala la akaunti ya kununulia gemu mtandaoni. PlayStation haina duka rasmi la mtandaoni la Tanzania wala Kenya, hivyo wengi hufungua akaunti ya Marekani au Uingereza. Nchi ukishaichagua huibadilishi, na vocha lazima ziwe za nchi hiyo hiyo. CD za PS5 zenyewe hazibagui, ya Dubai itacheza kwenye mashine ya Marekani. Kinachokwama ni nyongeza za gemu: ukinunua wachezaji au ramani za ziada kwa akaunti ya Marekani wakati CD ni ya soko la Dubai, huenda zisifunguke, na hela imeshaenda. Kwa hiyo kabla ya kumjibu mjomba, amua akaunti itakuwa ya wapi na CD zako zitatoka wapi.