Wino au tableti: kumchora mbwamwitu wa Okami

Swali hili haliishi miongoni mwetu wanafunzi wa sanaa: ukichora kazi iliyotokana na gemu, utumie karatasi au tableti? Nimemchora Amaterasu, mbwamwitu mweupe wa Okami, gemu ya Capcom ya mwaka 2006, kwa njia zote mbili.

Kwa gharama, karatasi hukuanzisha kwa urahisi: brashi, wino mweusi, basi. Lakini kila jaribio linakula karatasi. Tableti hudai fedha nyingi mwanzoni, ila programu ya Krita ni ya bure, na kufuta mstari hakugharimu kitu.

Penye uzito kwangu ni mstari wenyewe. Okami ilifuata michoro ya wino ya Kijapani, na mchezaji huchora kwa brashi ndani ya gemu. Wino halisi ukigusa karatasi iliyolowa husambaa upendavyo. Manyoya ya shingoni yalipata uhai papo hapo, jambo ambalo kwenye kioo nililazimika kuliunda tabaka kwa tabaka. Hapo karatasi inashinda, nasema bila kusita. Alama nyekundu za usoni, zenye kingo kali, zilitoka safi zaidi kwenye tableti.

Matunzo: brashi ioshwe, karatasi iepushwe na unyevu, faili lihifadhiwe mahali pawili.

Anayeandaa maonyesho ya ukutani achukue wino. Anayetafuta kazi kwenye studio za gemu, ambako michoro hurekebishwa mara kwa mara, aanze na tableti.