Madoa ya maji ya kisima kwenye Crown nyeusi: kazi ya fundi polishi wa barabara ya Mikindani

Nina Toyota Crown nyeusi ninayoikodisha kwa harusi. Watu wa Mtwara mnajua wenyewe, malipo ya korosho yakianza kutoka kuanzia Oktoba, kila Jumamosi kuna bibi harusi wa kupelekwa ukumbini. Gari lake linapigwa picha kwa karibu, na rangi nyeusi haifichi kitu.

Septemba nilikaa Ndanda wiki mbili namuuguza mama. Gari nikamwachia mpwa wangu, nikamwambia asiliache likae na vumbi. Alilitunza kwa moyo wote. Kila siku mchana, jua la utosi, alilimwagia maji ya kisima cha uani, akalifuta juujuu, akaliacha likauke lenyewe. Niliporudi nikakuta boneti, paa na buti vimejaa vitone vyeupe, vingine vikubwa kama punje ya choroko, vina duara lenye ukingo kama pete. Nikisugua kwa kitambaa chenye maji vinapotea, rangi ikikauka vinarudi vyote palepale.

Kisima chetu tunakijua. Sabuni haitoi povu la maana, na jagi la umeme lina gome jeupe ndani ambalo mke wangu huling'oa kwa kuchemsha maji na ndimu. Maji yale yamebeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye mawe ya chini. Tone likikauka, maji yanapaa, madini yanabaki. Kwa asili ni ndugu wa chokaa iliyojengewa kuta za zamani za Mikindani, ile ya kuchoma matumbawe. Kwa hiyo gari langu lilikuwa limepigwa chokaa, tone kwa tone, siku kumi na nne.

Mahali pa kwanza nilipolipeleka sipataji. Walisugua kwa sabuni ya unga na dodoki gumu mpaka boneti ikatoka mikwaruzo ya mviringo, na madoa hayakutikisika. Kisha kijana mmoja akaja na chupa ya dawa ya kusafishia choo, eti hiyo ndiyo inayong'oa. Nikamshika mkono. Nililipa, nikaondoka, na usiku ule sikulala vizuri, maana gari hilo ndilo ada za watoto wangu.

Dereva mmoja wa teksi pale uwanja wa ndege ndiye aliyenielekeza kwa fundi huyu. Hana bango. Ukitoka mjini kwenda Mikindani, utaona mkorosho mkubwa kando ya barabara, pipa la bluu, mashine ya presha na benchi moja. Nilifika saa mbili asubuhi.

Hakugusa dodoki wala sabuni. Alizunguka gari kwanza, akawasha tochi ya simu na kuilaza pembeni ya boneti ili mwanga upite juu ya rangi.

"Mzee wangu, gari hili limeoshwa juani?"

"Ndiyo."

"Kwa maji ya kisima?"

"Ya kisima."

Akaliosha kwa maji mengi na shampuu ya gari, akalikausha. Kisha akachukua nailoni iliyokuwa imefungia mkate, akaivaa vidoleni kama glavu, akapitisha mkono juu ya boneti. Akanipa nami nijaribu. Kwa kidole kitupu nilikuwa nahisi ukwaruzo kidogo tu. Kwa nailoni ilikuwa kama ninapapasa msasa. Akaniambia madoa yako ya aina mbili. Kuna yaliyokaa juu, ambayo ni madini tu, hayo yatatoka. Na kuna yaliyokaa muda mrefu juani mpaka yameila klia, ile rangi ya juu inayong'aa, yakaacha kishimo. Hilo la pili halioshwi, linapunguzwa kwa polishi, na si lote litaisha. Alisema hivyo kabla hatujataja bei, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Dawa yake ya kwanza ni siki nyeupe ya dukani, ile yenye ukali wa asilimia 5, ameichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua. Aliijaribu kwanza kwenye kona ya chini ya buti, mahali pasipoonekana, akasubiri, akasuuza, akaangalia kwa tochi. Rangi ilikuwa salama. Ndipo akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya boneti bila kusugua. Akahesabu kama dakika moja, akakiinua. Nilikuwa nimeinama pale pale. Duara lililokuwa na ukingo mnene lilikuwa limebaki alama hafifu, kama mvuke wa pumzi kwenye kioo. Ukali wa siki ndio unaoyayeyusha madini. Mkono hauhitaji nguvu. Akafuta kwa kitambaa laini, akasuuza upesi, akahamia sehemu nyingine. Hakuacha siki ikauke hata mara moja, na hakugusa bati lenye moto. Mara mbili tulilisukuma gari kufuata kivuli.

Yaliyobaki akayafuata kwa udongo maalum wa kusafishia rangi, kipande laini kama unga wa chapati uliokandwa. Ananyunyizia maji yenye shampuu, anauteleza mbele na nyuma kwa vidole viwili. Mwanzoni unasikia kwaru-kwaru, baadaye sauti inafifia, udongo unapita kimya kabisa. Akifika hapo anajua pamesafika. Alipokuwa kwenye buti kipande kikamponyoka kikaanguka mchangani. Alikiokota, akakitazama, akakitupa kwenye ndoo ya taka, akakata kingine kipya. Punje moja ya mchanga ikinasa mle inachora gari zima, na mchanga wa kwetu mnaujua. Kipande kile amekinunua kwa hela yake, na hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angekifuta na kuendelea. Ningeweza kuacha kuandika hapa, maana kwangu huo ndio ushahidi wote kuhusu fundi huyu.

Polishi ya mashine ilikuja mwisho, pedi laini, mwendo wa polepole, huku akigusa bati kwa kiganja kuona kama linapata moto. Klia ya gari la kiwandani kwa kawaida ina unene wa kama mikroni 40 hadi 50, ni nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo kila ukipiga polishi unakula akiba. Mikwaruzo ya wale wa kwanza ilipotea karibu yote. Juu ya paa yalibaki madoa sita au saba yaliyochimba. Nikamwomba aongeze. Akakataa.

"Mzee, nikiyafuata hayo namaliza klia. Baada ya miezi rangi itababuka, utakuja kunililia."

Nilinuna kidogo wakati ule. Leo namshukuru.

Sasa yasiyonipendeza, maana nayo yapo. Umeme ulikatika saa saba ukarudi saa tisa, na yeye hana jenereta, tukakaa. Benchi ni lile moja na tulikuwa wateja watatu. Tulipatana 70,000, lakini waksi ya kumalizia ikawa 15,000 nyingine, na hilo aliniambia mwisho, mkono ukiwa tayari kwenye kopo. Angesema asubuhi nisingelalamika, kwa sababu waksi yenyewe ni nzuri, wiki ya tatu sasa maji yanakimbia juu ya boneti kama kwenye jani la mgomba. Vilevile aliacha unga mweupe wa polishi kwenye mipaka ya taa za mbele, nikautoa mwenyewe nyumbani kwa mswaki. Gari nililichukua saa kumi na moja na nusu jioni. Ukiwa na haraka hapa si mahali pako.

Jumamosi iliyofuata nilimbeba bibi harusi kutoka Shangani. Mpiga picha alilala karibu na boneti apate taswira ya shela kwenye rangi, nami nikasimama pembeni bila wasiwasi wowote.

Nyumbani tumebadili utaratibu, kwa ushauri wake. Mpwa wangu anaosha alfajiri, boneti ikiwa baridi. Maji ya kisima anatumia kutoa vumbi tu; ya kusuuzia mwisho ni ya mvua kutoka pipani, na yakiisha tunatumia yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi, tunayakinga kwa ndoo safi. Hayo ni mvuke wa hewani uliopoa, hayajapita kwenye mawe, hayana chokaa. Ndoo moja inatosha gari zima. Kisha anakausha papo hapo kwa taulo la maikrofaiba, hasubiri jua lifanye kazi hiyo. Ameshajua mwenyewe kuangalia kingo za vioo vya pembeni, ambako maji hujificha na kuchuruzika baadaye.

Mkienda, fikeni kabla ya saa mbili asubuhi na mumuulize bei ya waksi kwanza. Mkorosho unatoa kivuli upande wa barabara mpaka kama saa sita, na baada ya hapo hapokei gari jipya lenye boneti ya moto, hata umbembeleze vipi.