Heda za urefu sawa kwenye Forester turbo: uzoefu wangu hapa Nakuru

Kwa anayetaka jibu la haraka: ukiwa na Subaru Forester yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuongeza hewa kwenye injini) na unapanda Mau Summit kila mara, heda za urefu sawa, yaani mabomba ya kutoa moshi kwenye injini, zinastahili pesa yake. Ukiwa uliinunua Subaru kwa ajili ya ule mngurumo, usiziguse.

Langu ni SG5, yaani Forester ya kizazi cha pili, injini ya EJ205, lita 2.0. Heda za kiwandani zilikuwa zimepasuka kwenye kiungo. Asubuhi injini ikiwa baridi ilikuwa inagonga tik-tik-tik, halafu chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajibana, sauti inapotea. Wengi hudhani hiyo ni tapeti (vipande vinavyosukuma vali) na kuanza kufungua injini bure. Chungulia chini kwanza: ukiona masizi meusi karibu na gasketi au kwenye mshono, moshi unavuja hapo.

Tangu Patrick Njiru akimbize Subaru kwenye Safari Rally miaka ya 1990, Mkenya huitambua gari hii kabla hajaiona. Sauti hiyo inatokana na mabomba. Silinda zimelala, mbili kila upande, na huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Ya 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 kushoto. Turbo imekaa kulia, kwa hiyo moshi wa kushoto lazima uvuke chini ya injini na kutembea njia ndefu zaidi. Mapigo yanafika kwenye turbo yakiwa yamepishana vibaya, na ndiyo yanayonguruma. Heda za urefu sawa huzungusha bomba la upande mfupi ili mapigo yote yafike kwa zamu, na turbo inasukumwa kwa utulivu. Subaru wenyewe walihamia huko kwenye Legacy ya 2003.

Mafundi wetu wa jua kali wanachomelea vizuri sana, na sailensa ningewapa bila wasiwasi. Heda ni kitu kingine: flanji, ile bamba inayobana heda kwenye injini, ikivutwa na joto la kuchomelea, hata kidogo tu, haikai sawa kwenye injini tena. Za mitumba kutoka Japani nilizoziona zilikuwa na nyufa zilizozibwa. Nikachukua mpya za chuma kisichoshika kutu, shilingi 45,000. Niliingia dukani na sumaku. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 hakiivuti sumaku kwa nguvu. Ikinata kabisa, hicho ni kingine, hata king'ae namna gani. Nikapima unene wa flanji, maana nyembamba hupinda, kisha nikamulika tochi ndani ya mabomba. Mshono wa nje kila mtu huupamba. Wa ndani ndio moshi unapopita, na matone ya chuma yaliyobaki humo huuzuia.

Kuna magari yenye sensa ya oksijeni kwenye heda na mengine hayana, kwa hiyo angalia lako kabla hujalipa.

Kazi ngumu ilikuwa stadi, zile skrubu zinazoshikilia heda kwenye injini. Fundi alizipulizia mafuta ya kulegeza kutu tukaziacha zilale usiku kucha, na bado moja ilikatika. Hakuichimba kwa drili. Alichomelea nati juu ya kipande kilichobaki, akakipoza, akakizungusha kikatoka chenyewe. Hapo nilijua gari liko mikononi mwa mtu anayejua kazi. "Mkubwa, usikubali mtu akaze upande mmoja kwanza," aliniambia. Heda inashikwa kote ikiwa imelegea, inakaa inavyotaka, ndipo unakaza kwa kupishanisha. Baada ya injini kupata moto na kupoa, unarudia kukaza.

Malalamiko ninayo. Gasketi zilizokuja kwenye boksi zilikuwa nyembamba, tukaziacha na kununua za chuma za Subaru yenyewe. Kinga ya joto ya zamani haikuingia, ikabidi ikunjwe nyingine ya bati, kwa sababu mpira wa ekseli ukikaa karibu na bomba tupu utaiva. Filta ya oili sasa imezungukwa na mabomba, na kuibadilisha injini ikiwa moto ni kuomba kuungua. Bomba moja pia limeshuka chini kuliko la awali, kwa hiyo matuta ya barabarani nayapanda kwa mshazari.

Na barabarani? Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na turbo inayochelewa inakuchosha nyuma ya malori. Sasa nikitoka Salgaa kupanda, naisikia inasukuma kabla sindano haijafika mizunguko 2,500 kwa dakika, bila kukanyaga mafuta hadi chini. Naweza kulipita lori kwenye nafasi ambayo zamani ningeiacha ipite. Mimi hilo linanitosha kabisa.

Sauti imekuwa nyororo, imekaza, kama gari lingine. Sailensa nimeiacha ya kiwandani, na nawasihi vijana wa Subaru mfanye hivyo: kanuni za kelele za 2009 zipo, na majirani pia wapo.

Duka nalipa nyota nne. Ya tano watapata wakianza kuweka gasketi za maana kwenye boksi.